Mchana Mmoja Mjini Dar: Maswali Ninayoulizwa na Wageni wa Mkoani

Kila mwezi napata mgeni mmoja au wawili. Mmoja kaja wizarani kufuatilia faili, mwingine kaleta mgonjwa Muhimbili, mwingine kaja kwenye semina iliyoisha mapema, na treni yake ya kurudi Dodoma ni ya jioni. Wote huniuliza mambo yaleyale, nami nimechoka kuyajibu kwa sauti za WhatsApp. Nimeyaandika hapa.

Nina saa tano tu. Zinatosha kuiona Dar?

Kuiona Dar yote hazitoshi, na mimi mwenyewe miaka yote hii sijaimaliza. Ila zinatosha kuuona mji wenyewe, ule ambao watu wa Mbagala na Tegeta wanausema wanaposema "naenda mjini" au "naenda Posta". Ni eneo dogo: upande mmoja Stesheni, upande wa pili Feri, penye soko la samaki na kivuko, mbele bahari, nyuma barabara ya Bibi Titi. Ukitaka kuongeza Mlimani City, Coco Beach na Kigamboni ya ndani, saa zako tatu utazimalizia kwenye foleni ukiangalia makalio ya malori. Kaa eneo moja, litembee kwa miguu, ule vizuri, uondoke.

Nafikaje mjini?

Ukitokea stendi ya Magufuli pale Mbezi, panda mwendokasi lililoandikwa Kivukoni. Soma kibao kwanza. Lililoandikwa Gerezani litakushusha upande wa Kariakoo, na la Morocco litakupeleka Kinondoni, halafu utanipigia simu ukiwa umepotea. Shuka kituo cha Posta ya Zamani. Ukivuka tu barabara unalitazama kanisa la Azania Front uso kwa uso.

Ukitokea uwanja wa ndege, daladala za Gongo la Mboto kwenda Posta zinapita nje pale barabarani. Kama una haraka chukua gari kwa programu ya simu, na bei uione kabla hujapanda. Ukishuka kwa treni ya umeme, tayari uko mjini, tembea tu.

Kitu kimoja cha kuangalia ni mvua. Mto Msimbazi ukijaa, maji hupanda barabarani pale Jangwani, na mwendokasi likasimama au likazungushwa. Kama asubuhi imenyesha kweli kweli, ulizia kabla hujatoka.

Begi langu niliweke wapi?

Usitembee nalo. Waachie mapokezi pale ulipolala, maana nyumba nyingi za wageni hukubali kukutunzia hadi jioni ukiwaomba kwa adabu, au mpe mwenyeji wako. Mtu mwenye begi la magurudumu mtaa wa Samora saa saba mchana anajulikana kwa mbali kuwa ni mgeni, na jasho lake pia linajulikana.

Nianzie wapi, nimalizie wapi?

Njia yangu ni hii, na sijawahi kumpeleka mtu akalalamika, isipokuwa kwa ajili ya jua.

Anza Azania Front, kanisa la Walutheri lenye paa la vigae vyekundu ambalo Wajerumani walianza kulijenga mwaka 1898. Ukilipa mgongo na kuitazama bandari, geuka kulia, ufuate barabara ya Sokoine. Hatua chache mbele kuna kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, la Wakatoliki, lililojengwa kati ya 1897 na 1902. Kama hakuna ibada ingia, keti benchi la nyuma dakika tano. Ndani kuna ubaridi ambao nje huupati hata kwa kununua.

Jirani yake kuna nyumba nyeupe ya zamani ambayo watu wengi huipita bila kuitazama, kwa sababu macho yao yako kwenye boti za Zanzibar ng'ambo ya barabara. Inaitwa Atiman House. Ni ya enzi za Sultani Majid, na imepewa jina la Adrian Atiman, ambaye alitekwa utotoni huko Afrika Magharibi akauzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari Malta, kisha akaja kutibu watu Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, karibu miaka 70, hadi alipofariki mwaka 1956. Ukitokea Katavi au Rukwa jina hilo huenda umelisikia kwa bibi yako. Mimi nilikuwa napita pale kila siku kwenda kazini kabla sijalijua.

Songa mbele mpaka kona ya barabara ya Morogoro. Hapo utaliona Boma la Kale, la miaka ya 1866 na 1867, lenye kuta nene za mawe ya matumbawe na mlango wa nakshi. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar ndiye aliyeuanzisha mji huu miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima, akaupa jina la Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1870 mji haujasimama vizuri, na mambo yakalala hadi Wajerumani walipohamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Ndani ya Boma sasa kuna kituo cha urithi wa usanifu, na kuna michoro na picha zinazoonyesha mji ulivyokuwa. Ingia. Halafu utoke, usimame mlangoni, uinue shingo. Ghorofa ya Mamlaka ya Bandari, yenye sakafu 40, imesimama pale juu ya vijumba hivi kama twiga aliyeingia zizi la mbuzi.

Kutoka hapo kata kuingia mtaa wa Samora, urudi nao upande wa mashariki. Utapita kwenye sanamu ya Askari (hiyo ina swali lake hapo chini), kisha maduka yapungue na miti iongezeke, mpaka ufike bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Kuna tausi mle. Wanapiga kelele mbaya kuliko uzuri wao. Karibu yake ni ukumbi wa Karimjee, ambao kwa miaka mingi ndio uliokuwa Bunge letu, na mtaa wa Shaaban Robert ulipo ule mlango wa Makumbusho ya Taifa.

Malizia Feri.

Tufike kwenye chakula. Nile wapi?

Hapa ndipo wageni wanaponiangusha. Mtu katoka Iringa mpaka Dar, halafu anaingia kwenye mgahawa wa kioo kula kuku wa kukaanga na chipsi, chakula ambacho hata kwao kipo.

Kula wanapokula makarani. Saa sita na nusu mchana simama kona yoyote nyuma ya maofisi, angalia wanakoelekea watu wenye vitambulisho shingoni, uwafuate. Watakufikisha kwa mama ntilie, kwenye uchochoro kati ya ghorofa mbili, au kwenye ua wa taasisi fulani wenye mwembe na viti vya plastiki.

Pale ninapokula mimi, mama ana masufuria sita yamepangwa kwenye benchi, na kila moja limefunikwa sinia. Huulizwi unataka nini. Unaulizwa, "Ugali au wali?" Ukijibu, linafuata la pili: "Na nini?" Hapo ndipo unaponyoosha shingo. Anafunua sinia moja moja: samaki wa nazi, nyama rosti, kuku, maharage, dagaa. Ukisema wali samaki, bakuli la wali linapinduliwa kwenye sahani likibaki na umbo lake, kama kichuguu. Maharage yanamwagwa upande mmoja hata kama hukuyaagiza, mchicha upande wa pili, kachumbari juu, na kipande cha changu kinawekwa mwisho, kichwa kikitazama nje. Ndizi mbivu iko pembeni. Pilipili imo kwenye kikopo cha siagi kilichokatwa, na kijiko chake hakitoki humo. Binti anakuja na jagi la maji ya uvuguvugu na beseni, unanawa umekaa. Kama huwezi kumaliza wali ule, usione aibu. Mimi huagiza "wali nusu," na bado unanishinda.

Usichelewe. Ikifika saa nane samaki kaisha, imebaki nyama yenye mifupa na ugali uliojikunja pembeni.

Kama ni Ijumaa, sahau yote niliyosema, utafute pilau au biriani. Baada ya swala ya adhuhuri mitaa ya Jamhuri, Zanaki na Kisutu hunukia hiliki na vitunguu vya kukaangwa, wewe fuata pua. Tena mitaa hiyohiyo, siku yoyote, ndiyo ya watu wasiotaka sahani kubwa. Kuna kachori, bajia, katlesi, kababu na viazi vya karai vyenye chatne ya nazi na ukwaju. Ni maduka ya Wahindi wa siku nyingi, mengine yana meza nne tu. Mbele kidogo unakuta mashine ya miwa. Mwambie atie tangawizi na limau, na barafu ukiwa unaiamini.

Kuku wa mkaa wa mtaa wa Libya, ambao kila mtu atakutajia, ni wa usiku. Mchana utakuta majiko baridi.

Kwa mama ntilie tumbo halitanisumbua?

Angalia mambo mawili. Chakula kiwe cha moto kweli, mvuke unatoka sinia likifunuliwa. Na foleni iwepo. Sufuria ambalo watu wanagombania halilali. Maji ya kunywa nunua ya chupa. Kachumbari na matunda yaliyokwisha menywa, kama tumbo lako ni la wasiwasi, ruka tu, hakuna atakayekushangaa.

Bei je? Hawatanipiga?

Kwa mama ntilie hawakupigi, bei ni moja kwa karani na kwa mgeni, na kwa noti ya Sh 5,000 unakula na chenji inarudi. Wanaopiga ni wa sehemu zisizo na bei ukutani. Mimi mwenyewe, mwenyeji, niliwahi kumpeleka mjomba wangu kwenye banda moja la samaki, tukachagua samaki kwa macho, tukala kwa raha, tukaletewa bili ya harusi. Kosa lilikuwa langu, sikuuliza. Samaki mzima huulizwa bei akiwa bado mbichi, pamoja na gharama ya kumkaanga.

Karibu kila mahali utakuta lipa namba imebandikwa, kwa hiyo huna haja ya kubeba fedha nyingi. Beba chenji ndogondogo kwa ajili ya dafu, choo na pantoni, yaani kivuko cha Kigamboni.

Makumbusho ya Taifa yana maana, au ni ya watoto wa shule?

Yana maana, na kama jua limekushinda ndiyo kimbilio la kwanza. Yalifunguliwa mwaka 1940 kama kumbukumbu ya mfalme George wa 5 wa Uingereza, na jengo lile la zamani bado lipo. Beba kitambulisho, maana kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana kuliko cha mgeni wa nje.

Mambo ni mengi, lakini nenda moja kwa moja kwa Zinjanthropus, yule aliyepatikana Olduvai tarehe 17 Julai 1959 na Mary Leakey. Umri wake ni kama miaka milioni 1.75. Tulimkariri darasani kama jibu la mtihani, na ukisimama mbele ya taya lile na magego yale mapana unaelewa kwa nini walimwita mtu wa kuvunja karanga. Shangazi yangu alilitazama muda mrefu, akasema, "Huyu hakuwa na haja ya kisu." Akaenda zake kwenye magari.

Magari ni ya viongozi, yakiwemo yaliyombeba Mwalimu. Wanaume wazima hukaa pale muda mrefu kuliko kwenye mabaki ya binadamu wa kale, sijui kwa nini. Nje uani kuna kumbukumbu ya shambulio la bomu kwenye ubalozi wa Marekani, la tarehe 7 Agosti 1998, siku moja na lile la Nairobi. Wengi wa wanaopita pale sasa hawakuwa wamezaliwa. Sisi tuliokuwepo tunakumbuka mshindo.

Tenga saa moja na nusu. Ukikaa zaidi utakosa bahari.

Yule askari wa sanamu pale Samora ni nani?

Si mtu mmoja. Ni sanamu ya shaba ya askari Mwafrika wa vita vya kwanza vya dunia, iliyozinduliwa mwaka 1927. Waingereza waliziweka na nyingine Nairobi na Mombasa. Chini yake kuna maandishi kwa lugha tatu: Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Bunduki yake ina singe mbele, na singe hiyo imeelekea bandarini. Ukipotea mjini, muulize yeye bahari iko wapi.

Kabla yake pale palikuwa na sanamu ya Mjerumani, Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa. Ilipelekwa hatimaye Hamburg, ikasimamishwa chuo kikuu, na mwaka 1968 wanafunzi wa kulekule wakaiangusha.

Ninachopenda kuwaambia wageni ni hiki. Vita ile ilipiganwa na askari, lakini ilibebwa na wapagazi: risasi, unga, hema, majeruhi, vyote kichwani, kutoka pwani hadi Msumbiji. Walikufa wengi kwa njaa na magonjwa kuliko kwa risasi. Kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps kwa jina lao, ilikuwa upande wa pili wa Mnazi Mmoja. Litamke jina hilo haraka haraka kwa kinywa cha Kiswahili. Ndiyo Kariakoo. Askari kapewa sanamu, na mpagazi kapewa soko.

Kariakoo niende?

Kama una cha kununua, nenda asubuhi, ununue, utoke. Kama huna, mchana wako mfupi usiupeleke kule. Si kwamba hapafai. Jengo la soko lenyewe, lile lenye paa kama miavuli iliyogeuzwa, alilisanifu Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, likakamilika katikati ya miaka ya 1970. Liliungua Julai 2021 na limekarabatiwa. Ukipata nafasi ya kuinua macho ulitazame, litazame. Shida ni kwamba Kariakoo ukiinua macho, mkono wa mtu unashuka mfukoni.

Feri kuna nini zaidi ya harufu?

Harufu ipo, sitakudanganya. Lakini hakuna sehemu ya mji inayofanya kazi hadharani kama pale. Mnada ni wa alfajiri, huo hutauwahi. Mchana unakuta wakaangaji. Karai pana, mafuta yanachemka, kijana kafunga kitambaa kichwani, anatumbukiza vibua kumi kwa mkupuo na kuvitoa vimekauka kama vibao. Kuna wauza pweza, ngisi na taa. Wanawake waliokuja kununua kwa ajili ya biashara zao wanabishana bei kwa sauti ambayo ungedhani ni ugomvi, kisha wanacheka. Vaa viatu vilivyofunika vidole, sakafu ina maji na magamba.

Ukitoka hapo fanya jambo moja ambalo wageni hawalijui: panda pantoni. Nauli ya mtembea kwa miguu haifiki hata bei ya chupa ya maji. Mnakusanywa kwenye banda kama kuku wa mnada, geti linafunguliwa, mnamiminika pamoja na magari, baiskeli, matenga ya nyanya na watoto wa shule. Wewe usikimbilie kiti, panda juu. Chombo kikiondoka tu, geuka nyuma. Mji wote umejipanga mbele yako: ghorofa ya Bandari, minara ya Benki Kuu, vigae vyekundu vya Azania vikiwa vidogo katikati. Sijui mahali pengine pa kuiona Dar hivyo kwa pesa ile.

Mlango wa bandari pale ni mwembamba. Meli ya mizigo ikipita, pantoni husubiri, na meli yenyewe unaiona kama ukuta unaotembea. Baba yangu mdogo, mtu wa Singida, siku ya kwanza aliishika nguzo ya pantoni kwa mikono miwili akaiangalia meli yenye makontena hadi ikaisha. Akaniuliza taratibu, wasisikie wengine: "Hii nayo ina breki?" Sikuwa na jibu zuri.

Ng'ambo, Kigamboni, usiende mbali. Kunywa dafu, angalia mji tena, rudi na pantoni linalofuata. Epuka tu kuanzia saa kumi na nusu jioni, watu wanaporudi makwao. Umati ule haumsubiri mtu.

Coco Beach je? Na Daraja la Tanzanite?

Daraja ni zuri, lina urefu wa kilomita moja na ushee juu ya maji, lilifunguliwa mwaka 2022, na ukipita nalo kwa gari linakwisha kabla hujatoa simu. Coco Beach ni pa jioni, hasa Jumapili, kwa mihogo ya kukaanga yenye pilipili na chumvi, na mishkaki. Kama unalala Dar, nenda. Kama una treni, usithubutu. Shemeji yangu alinibembeleza saa kumi, "dakika ishirini tu." Muhogo tuliula. Treni aliisikia kwa jina.

Nipige picha popote?

Hapana. Ikulu usipige, wala usisimame kuijaribu kwa siri, askari wa pale hawana utani. Bandarini, kwenye pantoni upande wa meli za jeshi, na majengo yenye walinzi, acha. Makanisa, sanamu, Boma, bustani, hakuna tatizo. Watu Feri uwaombe kwanza. Muuza samaki aliyepigwa picha bila kuombwa atakuambia maneno ambayo hayamo kwenye kamusi.

Simu yangu iko salama?

Mkononi ukiwa pembeni mwa barabara, hapana. Kuna vijana wa pikipiki wanaopita na kuchomoa. Ukitaka kusoma ramani ingia dukani au simama ndani ya ukuta. Mtu akikufuata akisema anakujua, kaka mambo vipi, tulisoma wote, mjibu vizuri huku unaendelea kutembea. Na pale kwenye boti za Zanzibar usimpe mtu yeyote pesa akukatie tiketi, hata kama kavaa kizibao. Dirisha lipo.

Nimekuja na mama yangu mtu mzima, na watoto wawili.

Basi punguza. Bustani na Makumbusho ziko jirani na zina vivuli na pa kukaa. Kula mapema, kisha pantoni, basi. Watoto watakumbuka pantoni, mama atakumbuka kanisa au msikiti aliopumzika. Mama akisalimiwa shikamoo na kila mtu atakayempisha kwenye mwendokasi, ataondoka anaisifu Dar kwa majirani mwaka mzima.

Choo?

Vya kulipia vipo stendi, sokoni na Feri, kwa sarafu. Vilivyo safi zaidi ni vya Makumbusho, na vya mgahawa ulikokula. Usitoke bila kupitia.

Nikija Jumapili?

Mji unakuwa mtupu. Ofisi zimefungwa, na mama ntilie wa maofisini kapumzika kama wateja wake. Kwa kutembea na kutazama majengo ndiyo siku tamu kuliko zote, hata kuvuka barabara unavuka kwa mwendo wa kwenu. Kwa kula, nenda Feri au mitaa ya Kisutu. Mwezi wa Ramadhani mchana mitaa mingi ya kati hufunga majiko. Sehemu za kula hazikosekani, ila kula ndani, nyuma ya pazia, kama wafanyavyo wenyeji wasiofunga.

Niende stesheni saa ngapi?

Fika saa moja nzima kabla ya treni, zaidi kama una mizigo, maana kuna ukaguzi na foleni yake. Tiketi na kitambulisho viwe mkononi. Usije kwa hesabu za treni ya zamani iliyokuwa ikikusubiri umalize chai. Hii ya umeme ikifika dakika yake inaondoka.

Na kama nimebakiza nusu saa, sijui niifanyie nini?

Kahawa. Jioni inapoingia wanatoka wauzaji na mabirika ya shaba yenye makaa chini, wanagonganisha vikombe mkononi, *kli kli kli*, unawasikia kabla hujawaona. Keti kwenye benchi na wazee wanaobishana Simba na Yanga. Kikombe ni kidogo kama kifuniko cha chupa, kahawa ni chungu, na kashata ya karanga ndiyo sukari yake. Kikiisha unasogeza kikombe, anamimina kingine bila kuuliza. Kunywa viwili, lipa, waage. Kutoka mitaa ile hadi Stesheni ni mwendo wa dakika kumi na tano, na jua limeshashuka.